Pete ya Kupimia na Sufuria ya Maharage

Jumamosi ile mlipokuja kwangu Gongo la Mboto, nyie vijana mnaomaliza chuo, mmoja wenu aliniuliza: katika miaka yangu yote ya karakana, ni kifaa gani nilikiamini kuliko vyote? Nikajibu, "Hakuna." Mkacheka, mkadhani bibi kachoka. Mkala wali wangu, mkaaga, mkaondoka. Tangu siku hiyo jibu lile limenikera. Lilikuwa la kweli lakini halikukamilika, na mtu anayeingia kwenye kazi hii na nusu ya jibu ataharibu chuma cha watu. Naandika nusu iliyobaki.

Kwanza tuelewane kuhusu kazi yenyewe, maana wengine wenu mnaijua kwa michoro tu. Kisima cha mafuta au cha gesi huchimbwa kwa bomba refu linalozungushwa, na kwenye ncha ya bomba kuna kichwa chenye meno. Kichwa kinasagika kadiri kinavyokula mwamba, na shimo linaanza kuwa jembamba bila aliye juu kujua. Kwa hiyo nyuma ya kichwa tunafunga rima, chuma kinene chenye mbavu zilizopakwa chuma kigumu, ambacho hupanua shimo lirudi kwenye upana wake. Juu ya rima tunafunga stabilaiza. Nayo ina mbavu, ila yenyewe haili mwamba. Inagusa tu kuta za shimo pande zote ili bomba likae katikati, lisiyumbe. Mbavu hizo zikilika, vifaa vinaletwa karakana. Tunavichomelea upya, tunavisaga, tunavipima, vinarudi kazini.

Karakana yetu ilikuwa Temeke. Visima vilikuwa mbali kusini, mwendo wa siku nzima kwa lori, na zaidi mvua ikinyesha. Mie nilifika pale na shahada yangu ya uhandisi, nikiwa na miaka ishirini na minne, na sikuwa mtu rahisi kukaa naye. Niliuliza kwa nini tunasafisha kwa dizeli na si kwa mafuta ya taa. Niliuliza kwa nini chai ni saa nne na si saa tatu. Ndani ya wiki mbili mafundi walinipa jina: Dada Kwa Nini. Mlinzi wa getini alikuwa akinifungulia huku ananiwahi, "Kwa sababu ndiyo kazi yangu, sista," kabla sijafungua mdomo.

Aliyenifundisha alikuwa Mzee Mchopa, msimamizi wa vipimo. Alitoka Umakondeni, na kabla ya kuingia kwenye chuma alichonga mpingo. Siku ya kwanza nilimwambia sielewi stabilaiza inafanya nini hasa, kwa sababu hesabu zangu zilionyesha kwamba bomba zito lingeweza kunyooka lenyewe.

"Shikamoo umenipa?" akauliza.

"Nimekupa, mzee. Asubuhi."

"Basi njoo."

Akachukua fimbo ya mpingo na keekee yenye ncha ndefu nyembamba kama mshikaki. Akaniambia nitoboe fimbo ile kutoka huku mpaka kule, katikati kabisa. Nikatoboa. Ncha ilitokea ubavuni, haikufika hata nusu. Akachukua fimbo nyingine, akatoboa yeye, polepole, vidole vya mkono wa kushoto vikiikumbatia ncha karibu na mti. Ikatokea mwisho wa fimbo, pale pale katikati.

"Vidole vyangu ndiyo stabilaiza," akasema. "Hesabu yako imesema nini kuhusu vidole?"

Haikuwa imesema kitu. Fimbo yangu iliyotoboka ubavuni aliitundika kwenye ukuta wa ofisi yake, na kila mgeni aliyeiuliza aliambiwa ni kazi ya mhandisi.

Sasa nifike kwenye pete, maana ndiyo iliyonifanya niandike.

Pete ya kupimia ni duara la chuma ambalo upana wake wa ndani ni sawa na upana wa shimo linalotakiwa. Unaivisha rima kama unavyomvisha mtu bangili. Ikipita kwa kusugua kidogo, mbavu ziko sawa. Ikikwama, saga. Ikicheza, chomelea tena. Kazi yote ya wiki nzima inaishia kwenye duara hilo.

Kwa shimo la inchi kumi na mbili na robo tulikuwa na pete mbili, kila moja kwenye msumari wake ukutani. Moja ilimeremeta. Ya pili ilikuwa ya zamani na ina kutu.

"Kwa nini tunazo mbili?" niliuliza.

"Moja husafiri na mtambo wa kuchimbia, moja hukaa," akajibu Mzee Mchopa.

"Na kwa nini inayokaa ndiyo yenye kutu?"

"Kutu iko nje. Ndani umeitazama?"

Sikuwa nimeitazama, na sikuitazama. Nilishaamua ni chuma chakavu kinachotunzwa kwa mazoea, kama vitu vingi nilivyovikuta pale.

Nje ya geti alikuwa anapika Mama Semeni. Alikuwa mwanamke wa Tandale, mwenye sauti ya kuita watu kutoka ng'ambo ya barabara, na maharage yake ya nazi yalikuwa yanasababisha mikutano ya ofisi kuisha mapema. Asubuhi moja nilimkuta amesimama mikono kiunoni mbele ya jiko lake la mkaa. Vishikio vya kuwekea sufuria vilikuwa vimevunjika, na sufuria kubwa ilikuwa inakaa upande.

"Wewe Kwa Nini," akaniita, "nyie mna vyuma vyote hivyo humo ndani, mnashindwa hata kunipa kimoja niegeshe sufuria? Leo mtakula maharage mabichi, shauri yenu."

Nikacheka, nikaingia ndani, nikarudi na pete yenye kutu. Ilikaa juu ya jiko lile kama ilitengenezwa kwa ajili yake. Nilimpa sharti moja tu: kila siku kabla ya saa nane mchana, mafundi wanaporudi kutoka kula, airudishe mikononi mwangu ili niitundike kwenye msumari wake asije mzee akauliza.

"Saa nane itakuwa bado ya moto," akasema.

"Imwagie maji."

Hayo maneno mawili ni yangu. Sikumbuki kingine chochote nilichosema wiki ile, lakini hayo nayakumbuka. Aliyesoma namna chuma kinavyojikunja kikipashwa moto na kupozwa ghafla alikuwa mie. Nilipata alama nzuri kwenye somo lile.

Pete ilikwenda jikoni na kurudi kwa wiki kama tatu. Kisha ile inayomeremeta ikasafiri kusini na mtambo, kama ilivyo desturi, na Mama Semeni akapata jiko jipya, na ya kutu ikabaki peke yake ukutani. Nikaisahau.

Baada ya hapo ikaletwa rima ya kutengenezwa kwa haraka. Siku hiyo Mzee Mchopa hakuwepo asubuhi. Binti yake alikuwa amejifungua Mwananyamala, na sisi wenyewe tulimfukuza aende akamwone mjukuu. Upimaji ukabaki kwangu. Mafundi wakachomelea, wakasaga, nikavisha pete. Ikakwama. Nikasema wasage. Ikakwama tena.

Fundi wa kusaga akavua miwani yake, akanitazama. "Sista, leo tunakula chuma sana. Kawaida sifikagi huku."

"Pete ndiyo inasema," nikamjibu.

"Haya. Mie nasaga."

Tazameni jambo hilo. Mtu mwenye mikono ya miaka mingi ananiambia kuna kitu si sawa, na mie niliyeuliza hata saa ya chai, sikumuuliza chochote. Tukasaga mpaka pete ikapita. Nikajaza kadi. Mzee Mchopa akarudi alasiri akiwa na furaha ya kupata mjukuu, akaisoma kadi, akaniuliza, "Umepima mwenyewe?" Nikasema ndiyo. Akachukua nyundo na chapa yake, akagonga herufi M kwenye shingo ya rima. Chapa hiyo ilimaanisha kwamba Mchopa ameridhika, na kusini hakuna aliyepima tena kitu chenye M.

Rima ikaenda. Baada ya siku chache ikaja simu. Shimo lilikuwa limebaki jembamba, na walipoteremsha kichwa kipya chenye upana kamili, kikabanwa katikati ya njia. Siku mbili walivuta na kusukuma mpaka kikaachia. Hakuna aliyeumia, lakini msimamizi wa mtambo alitaka kujua M ni nani. Meneja wetu, Bwana Swai, mtu mpole ambaye hasira ilimjia mara moja kwa mwaka na ikakaa, akatangaza kwamba rima ikirudi itapimwa mbele ya watu wote, na kama ni pungufu, Mchopa anaondoka kwa barua. Mzee alikuwa amebakiza miezi saba kustaafu.

Rima ikarudi Jumatano, bila ile pete inayomeremeta, ambayo ilibaki kwenye mtambo. Tukaipima kwa pete yetu ya kutu. Ikapita kwa kusugua kidogo, sawasawa kama inavyotakiwa.

Karakana nzima ikapumua. "Waongo wa kusini," mmoja akasema. "Wamekosea kuchimba wanatusingizia sie." Mie ndiye niliyepaza sauti kuliko wote. Nilikaa chini nikaandika kurasa tatu za kumtetea Mzee Mchopa, zenye hesabu na mchoro, nikionyesha makosa sita ambayo watu wa mtambo huenda waliyafanya. Nilikuwa nafurahia kuandika, Mungu anisamehe.

Mzee Mchopa ndiye aliyekuwa ameivisha pete. Alikuwa anatazama viganja vyake.

"Kwa Nini," akaniita taratibu. "Hii nini?"

Nikatazama. Viganja vilikuwa vyeusi.

"Grisi, mzee."

"Grisi inateleza. Hii inakwaruza." Akasugua vidole, akavinusa. "Masizi. Karakana yetu haina masizi." Akanusa tena, akakunja uso kama mtu anayekumbuka wimbo. "Na kitunguu."

Vijana, nimewahi kusimama karibu na mtungi wa gesi unaovuja, na sikuogopa kama nilivyoogopa hicho kitunguu. Nilisema nakwenda kunawa mikono. Sikwenda kunawa. Nilisubiri wote waende kula, nikachukua rula ndefu ya chuma, nikapima pete kwa ndani. Upande mmoja, inchi kumi na mbili na robo na zaidi kidogo. Nikaigeuza rula kukata upande wa pili. Ilipungua kwa unene wa sarafu. Pete ilikuwa yai. Tuliisaga rima ya duara mpaka ipite kwenye sehemu nyembamba ya yai, na tulipoirudisha kwenye yai lile lile, bila shaka ilipita.

Nikakaa juu ya rima na kurasa zangu tatu mkononi. Huo ulikuwa mchana mrefu. Ningeweza kunyamaza. Pete imesema ni sawa, kurasa zangu zina hesabu, meneja anapenda hesabu, mzee angepona na mie ningepona. Ila rima ile ingerudi kusini na M yake, kichwa kingebanwa tena, na safari ya pili hakuna kurasa ambazo zingemwokoa. Na yeye alishanusa kitunguu.

Nikaenda ofisini kwa Bwana Swai. Mzee Mchopa alikuwa ndani tayari, amesimama, kofia mkononi.

"Pete imepinda," nikasema. "Mie ndiye niliyeipinda. Nilimpa Mama Semeni aegeshee sufuria, na nikamwambia aimwagie maji."

Bwana Swai aliweka kalamu chini. "Ulimpa nani nini?"

"Mama Semeni. Pete ya inchi kumi na mbili na robo."

"Akapikie?"

"Maharage."

Akamgeukia mzee. "Mchopa, wewe ulijua?"

"Nimejua leo. Lakini chapa ni yangu, meneja. Sikupima, nikagonga. Kama ni barua, niandikie mie."

"Mzee, si kosa lako," nikasema.

"Nyamaza, mwanangu. Hujaulizwa, na leo si siku ya kujiuliza mwenyewe."

Sijui tungeendelea kugombania hiyo barua mpaka saa ngapi. Mlango ulifunguliwa bila hodi, akaingia Mama Semeni na upawa mkononi. Mlinzi alikuwa amemweleza kila kitu. Kuta za ofisi ile zilikuwa za mbao nyembamba.

"Nasikia sufuria yangu inashtakiwa," akasema.

"Mama, nani amekuita?" akauliza Bwana Swai.

"Hakuna. Nimekuja kusema huyu mtoto alinipa kwa roho nzuri. Kama mnamfukuza, na hayo maharage unayoyalaga kila siku sahani mbili, Bwana Swai, yalipikiwa hapo hapo juu ya pete. Umeyala na wewe. Basi fukuza wote."

Bwana Swai akaweka mikono usoni. Tulidhani analia, kumbe mabega yanatikisika kwa kicheko anachokizuia. Hasira yake ya mwaka ule iliishia hapo.

Mimi nilipata barua ya onyo na miezi mitatu ya kuosha vifaa kwa brashi na dizeli, bila kugusa kipimo. Mzee Mchopa alibaki mpaka siku yake ya kustaafu, lakini alijiwekea adhabu mwenyewe: alimpigia simu msimamizi wa mtambo, akamwambia kwa jina lake lote kwamba M imekosea, na kwamba rima mpya inakuja na atakuja nayo. Akapanda lori, umri ule, akaisindikiza. Walipima kusini kwa pete inayomeremeta, wakachimba, mabomba yakashuka mpaka chini bila kukwama. Aliporudi alikuwa na vumbi kichwani na korosho kwenye mfuko. Akanipa korosho.

Ile miezi mitatu ya kuosha ndiyo ilinifundisha kazi. Ukiosha stabilaiza kwa mkono unaona mambo ambayo kadi haiandiki. Ubavu mmoja ukilika na nyingine nzima, mara nyingi bomba liliegemea upande mmoja. Zikilika juu tu, muulize aliyeivuta kutoka shimoni kama alikuwa na haraka. Udongo uliong'ang'ania kati ya mbavu kama ugali, maana yake maji hayakupita vizuri. Msikimbilie kupima kifaa kichafu. Osha, tazama, gusa, kisha pima. Na fundi wa kusaga akikwambia leo tunakula sana, zima mashine, agiza chai, ukae naye.

Mambo yamebadilika, najua. Baadaye zililetwa rima zenye mikono, ambazo huingia shimoni zimejikunja na kufunguka kule chini kwa nguvu ya maji. Ya kwanza tuliijaribu uani kwa pampu. Bwana Swai alikuwa amelitundika koti lake juu yake, akidhani ni chuma kilicholala. Mikono ikafunguka, tukashangilia. Tukazima pampu, mikono ikarudi ndani na sehemu ya koti. Siku hizi mnasoma upana wa shimo kwenye skrini wakati bomba bado liko chini. Ni vizuri sana. Mie nawaulizeni tu: skrini hiyo ilipimwa na nini, na hicho kilichoipima, nani alikipikia maharage?

Karakana ile ilibaki na desturi moja, na kila mtakayemkuta pale ataifanya akijua sababu yake au asijue. Kabla ya kupima kifaa, unapima pete, njia mbili zinazokatana, na unaandika namba zote mbili kwenye kadi. Mzee Mchopa ndiye aliyeianzisha. Mie nilikuwa wa kwanza kuiandika.

Siku yake ya mwisho wafanyakazi walimpa saa ya ukutani. Yeye akanipa mie kitu kilichofungwa kwenye gazeti, kizito. Ilikuwa ile pete ya kutu, ambayo ilitakiwa kukatwakatwa. Alikuwa ameisugua kwa ndani mpaka inang'aa.

"Ndani umeitazama?" akaniuliza.

Nikaitazama mbele yake, pande zote.

Ndiyo hiyo mliyoiona jikoni kwangu. Wali mliokula Jumamosi uliivia juu yake, na hakuna hata mmoja wenu aliyeuliza kwa nini sufuria ya bibi imekaa juu ya chuma cha kisima. Mkija tena, kabla hamjanawa nitawapa rula. Pimeni njia mbili. Mkipata namba moja mara zote mbili, mmekosea. Rudieni, chakula kitawasubiri.